Kura Inayoamuliwa Kabla ya Siku Yake

Mwezi wa Mei 1963 Kenya ilipiga kura ya kumchagua atakayeivusha hadi uhuru. Kaskazini Mashariki haikupiga. Kuanzia Garissa hadi Mandera, Wasomali waliususia uchaguzi ule kwa umoja mkubwa. Miezi michache kabla, mwishoni mwa 1962, Uingereza ilikuwa imetuma tume ya watu wawili, mmoja Mnigeria na mwingine Mkanada, izunguke Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, lile lililojulikana kwa herufi NFD, na kuwauliza wenyeji wanataka nini. Tume iliripoti kwamba katika maeneo ya Wasomali karibu watu wote walitaka kujitenga na kuungana na Somalia. Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba eneo hilo litakuwa jimbo la saba la Kenya. Wenyeji walikuwa wameulizwa, wakajibu, na jibu lao likawekwa kando. Mei ilipofika, hawakuona haja ya kujibu mara ya pili.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kujua Garissa inavyopiga kura leo. Katika sehemu nyingi za nchi, mtu asiyekwenda kituoni huhesabiwa kuwa mvivu au aliyekata tamaa. Kaskazini Mashariki, kutopiga kura kulianza kama msimamo wa kisiasa ulio wazi kabisa, na serikali iliuelewa hivyo.

Adhabu haikukawia. Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika jimbo hilo. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, viliendelea hadi 1967, wafugaji wakafungiwa katika vijiji vya lazima na mifugo yao ikaangamia. Vita viliisha, lakini hali ya hatari haikuondoka: sheria yake ilifutwa 1991 tu, karibu miaka thelathini baadaye. Novemba 1980 sehemu ya mji wa Garissa iliteketezwa na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule wakati wa operesheni ya kijeshi ambayo wazee bado huitaja kwa jina la Bulla Kartasi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walifungiwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wapigwe msasa upya, mmoja mmoja, kubaini nani raia na nani si raia. Mtu wa Garissa aliyevuka daraja la Mto Tana kwenda Nairobi alisema anaenda Kenya, na kila aliyemsikia alijua ana maana gani.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hayo yote eneo hilo lingekuwa ngome ya upinzani. Kilichotokea ni kinyume chake, na kisa hicho hakisimuliwi vya kutosha. Vyama vingi viliporudi 1992, Kaskazini Mashariki ilimpa Daniel arap Moi ushindi mkubwa, ikampa tena 1997. Mwaka 2002, taifa lilipoipa kisogo KANU, chama cha Moi, jimbo hili lilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizobaki nayo na kumpigia kura Uhuru Kenyatta.

Woga ulichangia, hilo haliwezi kukanushwa. Watu waliokaa chini ya hali ya hatari kwa miaka ishirini na minane hawamkasirishi mkuu wa wilaya kwa urahisi. Lakini palikuwa pia na hesabu. Katiba ya wakati ule ilimtaka mshindi wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kwa kipimo hicho, Mkoa wa Kaskazini Mashariki wenye wapiga kura wachache kuliko mkoa mwingine wowote ulikuwa na uzito sawa na Bonde la Ufa lenye mamilioni. Moi aliihitaji robo hiyo, na wanasiasa wa Garissa walijua kwamba anaihitaji. Wengine walikuwa wameanza kupanda ngazi hata kabla ya sharti hilo. Hussein Maalim Mohamed, mbunge kutoka Garissa, aliingia katika baraza la mawaziri miaka ya themanini. Ndugu yake, Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyeongoza kuzima jaribio la mapinduzi la 1982, akafika kileleni mwa jeshi. Mohamed Yusuf Haji, mzaliwa wa Garissa, alikuwa mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa kabla ya kuwa mbunge wa Ijara, kisha waziri wa ulinzi, kisha seneta. Kura za eneo zilikuwa chache, nazo ziliuzwa kwa bei ya juu. Waliokula bei hiyo ni wachache zaidi. Barabara ya lami kutoka Nairobi iliishia Garissa, na zaidi ya hapo lori lilizama mchangani kama kawaida.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Katika kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti mwaka huo, zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliopiga kura Kaskazini Mashariki walisema ndiyo. Hawakuwa wanampigia mtu wala chama. Walikuwa wanapigia ugatuzi: serikali yao wenyewe, makao yake Garissa, Wajir na Mandera, na fedha zinazofika bila kumpigia magoti mtu wa Nairobi. Katika mwaka wa kwanza wa fedha wa kaunti, 2013/14, Mandera peke yake ilitengewa zaidi ya shilingi bilioni sita. Wilaya ambayo kwa nusu karne ilihesabiwa kuwa kituo cha adhabu cha watumishi wa serikali sasa ilikuwa na bajeti, bunge dogo na gavana mwenye bendera kwenye gari.

Tangu hapo mwelekeo wa kisiasa wa Garissa hausomwi kwa jina la chama. Aden Duale ndiye mfano mzuri kuliko wote. Aliingia bungeni 2007 kwa tiketi ya ODM, akiwakilisha Dujis. Mwaka 2013 alishinda Garissa Township kwa URP, 2017 kwa Jubilee, 2022 kwa UDA. Chaguzi nne, vyama vinne, ushindi mara nne. Nathif Jama aliupata ugavana 2013 akiwa na Wiper, akaupoteza 2017 kwa Ali Korane wa Jubilee, akaurudisha 2022 akiwa na ODM. Mandera ilimpa Uhuru Kenyatta karibu kura zote 2013. Mwaka 2022 kaunti zote tatu zilimpigia Raila Odinga, na muda mfupi baada ya William Ruto kutangazwa mshindi, chama cha UDM chenye mizizi Mandera kilihama Azimio, muungano wa Raila, kikajiunga na serikali. Mgeni akiangalia haya atasema watu hawana msimamo. Wana msimamo, ila hauko kwenye nembo ya chama. Uko kwenye ukoo.

Kila mtu Garissa anaijua ramani hiyo: Abdwak, Aulihan, Abdalla na koo nyingine ndogo zinazoishi kati yao, zilizosambaa katika maeneo bunge sita ya Garissa Township, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara. Wajir kuna Degodia, Ajuran na Ogaden. Mandera kuna Garre, Murule, Degodia na jamii ndogo za pembezoni. Tangu 2013 mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Wazee wa koo waliziangalia karatasi hizo sita wakaona nafasi za kugawana. Ukoo huu ukichukua ugavana, ule upewe useneta. Huu uliokosa vyote viwili upewe naibu gavana na uspika. Ndani ya ukoo wenyewe, jilib moja, yaani tawi la ukoo, ikihudumu muhula huu, muhula ujao izipishe nyingine. Wakenya wameuita mpango huo demokrasia ya mapatano.

Mapatano haya hayakuzuka kwa kupenda madaraka tu. Eneo hili limeona koo zikipigana kwa risasi kwa ajili ya visima na malisho, na kuongezeka kwa viti vya kugombea kuliongeza sababu za kupigana. Garre na Degodia walipambana mpakani mwa Mandera na Wajir 2013 na 2014, makumi ya maelfu ya watu wakakimbia makazi yao. Mzee aliyezika watoto wa ndugu zake baada ya uchaguzi ana haki ya kutafuta njia ya kupata kiongozi bila mazishi. Katika maslaha, yaani usuluhishi wa koo, ndivyo kesi za damu zinavyomalizwa, na wengi walifikiri kiti cha gavana nacho kinaweza kumalizwa vivyo hivyo.

Lakini tazama kinachotokea kwa mpiga kura. Februari 2021 Seneta Yusuf Haji alifariki dunia. Katika kaunti yenye wapiga kura zaidi ya laki moja na nusu, kiti kilikuwa wazi, na uchaguzi mdogo ulipaswa kufanyika. Mwanawe, Abdul Haji, aliyejulikana nchini kote kwa ujasiri wa kuingia jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa, na bastola yake, kuokoa watu Septemba 2013, akaungwa mkono. Hakuna mwingine aliyebaki kwenye kinyang'anyiro, na tume ikamtangaza seneta bila kupingwa. Hakuna kituo kilichofunguliwa. Huenda angeshinda hata kama wangekuwa kumi. Mwaka uliofuata alishinda katika uchaguzi mkuu. Hata hivyo msichana wa Masalani aliyetimiza miaka kumi na minane mwaka ule alikuwa na seneta mpya, na hakuna aliyemuuliza msichana huyo maoni yake.

Mandera ilionyesha upande wa pili. Kuelekea uchaguzi wa 2017, baraza la wazee wa Garre liliamua kwamba viongozi wote wa ukoo huo waliochaguliwa 2013 wang'atuke, gavana Ali Roba akiwemo, na likamteua Hassan Noor Hassan kugombea ugavana. Roba alikataa. Aliomba kura kwa wananchi moja kwa moja kwa tiketi ya Jubilee, akarejea ofisini. Wapiga kura walipopewa nafasi ya kuamua baina ya neno la wazee na rekodi ya mtu, wengi waliangalia rekodi. Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba watu wa huko hufuata tu wanachoambiwa.

Wanaoumia zaidi na mapatano ni wale wasiokuwa na kiti katika baraza linaloyaandika. Baraza la ukoo ni la wanaume, na wanaume wenye umri. Hoja inayotolewa dhidi ya mwanamke ni ya kikoo: ameolewa kwingine, kiti akikipata kitakuwa cha mumewe, na ukoo wake wa kuzaliwa utakuwa umepoteza zamu. Sophia Abdi Noor alizuiwa na wazee alipojaribu kugombea Ijara 1997. Alirudi, akahudumu kama mbunge wa kuteuliwa, akaendelea kurudi. Mwaka 2017 alishinda kiti hicho cha Ijara, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge katika Kaskazini Mashariki nzima. Ilimchukua miaka ishirini. Wanawake ndio wanaosimama kwenye foleni tangu alfajiri huku wanaume wengi wakiwa na ngamia mbali, kwa hivyo ubaguzi huu ni wa dhuluma maradufu: wanatakiwa kituoni, hawatakiwi kwenye karatasi.

Haya yote yanamhusu aliye na kura. Kuna wengi ambao hawajafika hata hapo.

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 841,353 katika Kaunti ya Garissa. Daftari la wapiga kura la 2022 lilikuwa na majina zaidi kidogo ya laki mbili, yaani chini ya robo ya idadi hiyo. Nchini kote, waliosajiliwa walikuwa karibu 47 katika kila watu 100. Sehemu ya pengo hilo inaelezeka: Garissa ni kaunti ya watoto wengi, na sensa huhesabu kila aliyelala nchini usiku ule, mkimbizi wa Dadaab akiwemo. Daftari nalo limekua, kutoka majina kama 115,000 mwaka 2013. Bado pengo linalobaki ni kubwa mno, na chanzo chake kikuu ni kitambulisho.

Bila kitambulisho hakuna kadi ya mpiga kura. Kijana wa Nyeri anayetimiza miaka kumi na minane huenda kwa ofisi ya usajili na cheti cha kuzaliwa. Kijana wa Liboi, kwa miongo mingi, alipaswa kusimama mbele ya kamati ya chifu na wazee, aulizwe babu yake nani, ukoo gani, alizaliwa kisima gani. Na kamati haikukaa kila siku. Aliyekosa kikao cha mwezi huu alisubiri kingine, na nauli ya lori kutoka Hulugho hadi makao ya kaunti ilizidi alichokuwa nacho mfukoni. Wengine wamekwama pabaya zaidi. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa 1991, familia za Kikenya zilizofilisiwa na ukame ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula na shule. Watoto hao walipokua, alama zao za vidole zikawatambulisha kuwa Wasomali wa Somalia katika nchi waliyozaliwa na wazazi wao. Wanahesabiwa kuwa makumi ya maelfu. Shirika la Haki na Sheria lenye makao Garissa lilipeleka suala lao mahakamani. Februari 2025 Rais Ruto, akiwa ziarani kaskazini, alitia saini tangazo la kuondoa msasa huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Kwa watu waliopigwa msasa tangu uhuru, hiyo ni habari kubwa. Thamani yake itaonekana kwenye daftari la wapiga kura.

Mwenye kitambulisho na kadi naye ana kikwazo ambacho wanasheria wa Nairobi hawakukifikiria. Katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Mvua za gu huisha Mei, za deyr huanza Oktoba. Agosti iko katikati ya ukavu. Wakati huo mfugaji wa Fafi au Balambala hayuko nyumbani. Ameshuka kwenye kingo za Tana au amevuka kaunti akifuata maji, na kura yake imefungwa kwenye kituo kimoja tu, kile alichojiandikisha. Chaguzi za 1992 hadi 2007 zilifanyika mwishoni mwa Desemba, majani yakiwa bado yapo na familia zikiwa karibu na mabwawa yao. Kwa mkulima wa Kirinyaga kubadilisha mwezi ni jambo dogo. Kwa mtu anayeishi kwa ngamia na ng'ombe, ndiyo tofauti ya kupiga na kutopiga. Mwaka 2022 uchaguzi ulikuta mvua zimekosekana misimu minne mfululizo, mizoga ya ng'ombe ikiwa kando ya barabara. Waliojitokeza nchini walishuka hadi asilimia 65, kutoka 80 hivi mwaka 2017 na 86 mwaka 2013. Wachambuzi wa mijini walizungumzia vijana waliochoka na siasa. Wachache walikumbuka kuuliza mifugo iko wapi.

Usalama una sehemu yake pia. Baada ya watu 148, wengi wao wanafunzi, kuuawa na al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, kila mkusanyiko wa watu katika kaunti hiyo, foleni ya kura ikiwa mmojawapo, umekuwa jambo la kupimwa kwanza. Na si al-Shabaab peke yao. Agosti 2022 upigaji kura katika eneo bunge la Eldas, Wajir, uliahirishwa hadi siku iliyofuata kwa sababu ya vurugu za wenyeji kwa wenyeji. Mtu aliyetembea saa nne hadi kituoni akaambiwa arudi kesho, mara nyingi harudi.

Tena kuna wanaonyimwa kura kwa uzembe wa serikali tu. Aden Duale alipoteuliwa waziri wa ulinzi 2022, Garissa Township ilifanya uchaguzi mdogo tarehe 5 Januari 2023 na kumpata Dekow Mohamed. Siku chache baadaye muda wa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ukaisha, na nchi ikakaa bila makamishna. Machi mwaka huohuo mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, akafariki dunia. Watu wa Banissa walisubiri hadi tarehe 27 Novemba 2025 kumchagua mwingine. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, eneo bunge zima lilikosa sauti bungeni, na Nairobi haikutikisika.

Lawama ya kwamba watu wa Kaskazini Mashariki hawajali kura haina msingi. Wanaijali kiasi cha kukaa siku nyingi chini ya mti wakiigawa, na kiasi cha kukodi mabasi kuwaleta ndugu kutoka Eastleigh kwenda kuipiga. Tatizo ni kwamba mambo mengi huamuliwa kabla ya siku yenyewe: na kamati ya kitambulisho, na mwezi wa uchaguzi, na baraza la wanaume wachache. Wazee wanaweza kuendelea kupatanisha koo, na heri waendelee, maana amani waliyoileta ni ya kweli. Ila wapeleke kwa wananchi zaidi ya jina moja, na wawaweke wanawake na vijana barazani kabla ya majina hayo kutajwa. Tume ya uchaguzi nayo ipeleke vifaa vya usajili kwenye visima na masoko ya mifugo, si kwenye makao ya wilaya pekee, na imruhusu mfugaji kuhamisha kituo chake bila safari ya siku mbili.

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, katikati ya kiangazi. Aliye Garissa, Wajir au Mandera na hana kitambulisho aende kukiomba sasa, na akinyimwa adai sababu kwa maandishi.